Kibali cha Kuku wa Chuma

Sauti ya Jebet ilikuwa ndogo sana. Ng'ombe wake, akiitwa kukamuliwa, aligeuza kichwa kwanza akamtazama, kana kwamba anauliza kama kweli ni yeye aliyeitwa. Kanisani Jebet alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Kwenye mkutano wa kina mama, zamu yake ya kusema ilipofika, aliinua bega moja na kutabasamu. Mwenyekiti, Mama Jepkorir, alikwisha kulizoea bega hilo. "Jebet amekubali," alisema, na mkutano ukasonga mbele.

Hivyo ndivyo alivyopewa mashine. Kikundi chao cha pale mlimani, nje kidogo ya Olenguruone, kilikuwa kimenunua mashine ya stima ya kuangua vifaranga. Kila mama angeleta mayai ya kuku wake, na vifaranga wakitoka, nusu wangerudi kwa mwenye mayai, nusu wangekuwa wa kikundi. Swali likawa, nani atakaa na mashine? Huyu ana wajukuu wasumbufu, yule hana stima, yule mume wake hapendi harufu ya kuku. Jebet akainua bega.

"Jebet amekubali."

Hawakujua kwamba safari hii bega lile lilikuwa limeruka kwa furaha. Tangu aache shule darasa la sita, Jebet alikuwa amefuga kuku mmoja hapa, wawili pale, na alijua kila mmoja anataga wapi na anakasirishwa na nini. Aliipeleka mashine nyumbani kwa toroli, ameifunika leso, akitembea polepole kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Gogo wake, bibi mzaa baba aliyeishi naye, aliinyanyua leso, akachungulia, akaguna.

"Hii ndiyo itakayokaa juu ya mayai?"

"Ndiyo, Gogo."

"Na haina manyoya. Kuku wa chuma." Jina likabaki hilo hilo.

Kwenye boma lao, nyumba yenye stima ilikuwa moja tu, nyumba kubwa ya baba yake mdogo, Bethwel. Gogo na Jebet waliishi upande wa pili wa uwanja, kwenye chumba kilichoshikana na jiko la udongo. Kwa hiyo Kuku wa Chuma alipelekwa sebuleni kwa Bethwel, akawekwa kando ya soketi, na mayai ya kwanza yakaingia.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sebule ya Bethwel haikuwa sebule, ilikuwa stendi. Watu walikuja kuuliza bei ya viazi, kutazama mpira, kungoja mvua iishe, na kila aliyeingia alikuwa na simu iliyokaribia kuzima. Kulikuwa na soketi moja. Mtu aliingia, akachomoa plagi ya Kuku wa Chuma, akachomeka simu yake, akaketi.

"Nilichomoa kidogo tu," alisema Kipruto, jirani yao, kijana wa kuendesha trekta la watu.

Mwingine naye alikuwa amechomoa kidogo. Na mwingine. Ukizijumlisha hizo kidogo zote, mayai yalikuwa yamekaa kwenye baridi ya milima ya Mau zaidi ya yalivyokaa kwenye joto. Jebet aliwaona wakichomoa. Kila mara alisimama mlangoni, mdomo wazi, maneno yamefika kwenye meno, halafu akangoja mgeni aondoke ili arudishe plagi. Wiki tatu zilipoisha, hakutoka kifaranga hata mmoja. Mayai yote yalikuwa viza, na harufu yake ilimfukuza hata mgonjwa wa mpira.

Kina mama walikutana. Mama Jepchumba wa ng'ambo ya mto, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alisema wazi, "Mashine iende kwa mtu mwenye sauti. Mimi mtu akigusa plagi yangu, atasikika akilia mpaka sokoni."

Wengine wakacheka. Jebet alitazama vidole vyake vya miguu. Mama Jepkorir akafikiri kidogo, akasema, "Tumpe awamu moja nyingine. Mayai yakiharibika tena, mashine ihamie kwa Jepchumba. Jebet?"

Bega likapanda. Lakini machozi nayo yalikuwa yamepanda.

Siku ile jioni, wakati wa kukamua, alimwambia Gogo lile alilokuwa akilizungusha kichwani tangu mkutanoni. "Jikoni kungekuwa na stima, ningekaa na Kuku wa Chuma mwenyewe. Jikoni kuna joto. Na hakuna mtu anakuja kutazama mpira jikoni kwako."

"Sasa mbona unaniambia mimi?" Gogo alijibu akiwa chini ya ng'ombe. "Mimi ni transfoma? Mwambie baba yako mdogo."

Kumwambia Bethwel halikuwa jambo gumu, kwa sababu Bethwel alikuwa mtu wa kusema ndiyo kabla hujamaliza. Ugumu wake ni kwamba alianza kutenda pia kabla hujamaliza. Siku ya soko iliyofuata alirudi na waya uliokunjwa begani, akamwita Kipruto, na wawili hao wakasimama uwanjani wakiangalia kamba ya kuanikia nguo, iliyotoka nyumba kubwa mpaka jikoni.

"Njia iko tayari," Bethwel alisema kwa furaha. "Tunaufuata huu mstari wa nguo. Kabla ya chai, Jebet, kuku wako anaatamia."

"Na nguo, anko?" Jebet aliuliza.

"Nguo utaanika upande wa pili."

Bahati ilikuwa kwamba siku hiyo hiyo Micah alikuwa sebuleni. Micah alikuwa fundi wa stima kutoka mjini Olenguruone, mtu mrefu, mpole, mwenye leseni aliyoibeba kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyobeba kalamu. Alikuwa ameitwa kwa sababu ile soketi moja, baada ya kuchomekwa na kuchomolewa na kata nzima, ilikuwa imeungua. Alitoka nje akiwa na soketi nyeusi mkononi, akauona ule waya.

"Mzee, hiyo ni ya kufunga mbuzi?"

"Ni ya jikoni. Wewe maliza soketi yako. Ama na hiyo soketi inataka kibali?" Bethwel alimkonyeza Kipruto.

"Hii haitaki. Soketi imekufa, natoa, naweka nyingine pale pale. Balbu ikiungua, hata Gogo anaweza kubadilisha."

"Sibadilishi," Gogo alisema kutoka jikoni.

"Lakini huo waya wako," Micah akaendelea, "huo unajenga laini mpya, inatoka nyumba hii inaenda nyumba nyingine. Hapo huku kwetu ofisi ya stima inataka kibali kwanza. Halafu kazi ifanywe na mtu mwenye leseni, halafu mkaguzi aje aangalie kabla haijawashwa."

"Si ni boma moja? Si ni meta moja? Ng'ombe wangu akitoka hapa akienda pale, anaomba kibali?"

"Ng'ombe hashiki moto."

"Kwa hiyo mimi nikikohoa ndani ya boma langu, nitaenda ofisini kwanza?"

"Ukikohoa moto ukatoka, ndiyo, mzee."

Kipruto alicheka mpaka akaegemea ukuta. Hata Bethwel alicheka, ingawa waya ulibaki begani. "Makaratasi hayo yatatuchelewesha," alisema. "Tuvute tu. Nani atajua?"

Jebet aliitazama ile kamba ya nguo. Chini yake ndipo walipopitia ng'ombe asubuhi na jioni, ndipo Gogo alipopita na kuni kichwani, na upepo wa huku ulikuwa na tabia ya kuangusha miti mizima. Akamwaza Kuku wa Chuma mwishoni mwa waya unaobembea. Akameza mate.

"Tuombe kibali," alisema.

Micah peke yake ndiye aliyesikia. "Umesema aje, dada?"

"Tuombe kibali. Nataka ikae, isianguke."

Wote wakageuka, si kwa sababu ya maneno yenyewe, bali kwa sababu yalikuwa yametoka kwake. Bethwel alimtazama mtoto wa kaka yake, akaushusha ule waya begani.

"Basi," alisema. "Mwenye kuku ameongea."

Kibali kilipatikana kwa urahisi zaidi ya walivyoogopa. Micah alipeleka mchoro wa boma ofisini, na haikupita muda mrefu akarudi na karatasi yenye muhuri. Kazi ikaanza. Yeye na Kipruto walichimba mtaro kutoka nyumba kubwa mpaka jikoni, wakalaza waya mnene ndani ya paipu, wala hawakuufukia. Mkaguzi alitakiwa kuuona ukiwa wazi.

Mtaro huo ukawa sherehe yenyewe. Watoto wa majirani waliuruka kutwa. Wageni waliokuja kutazama mpira waliuliza nani amekufa. Gogo, aliyelazimika kuvuka ubao ili afike bombani, aliuita kaburi la nyoka, na kila akivuka alimsalimia nyoka huyo kwa heshima.

Ndani ya jiko ndiko kulikuwa na ubishi. Jiko la Gogo lilikuwa na boriti moja ya mwerezi iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta, nyeusi kwa moshi, ngumu kama chuma. Juu ya boriti hiyo, upande ulio mbali na moto, Gogo alitundika vibuyu vyake vya mursik, maziwa ya kulaza ambayo kibuyu chake husuguliwa kwanza kwa mkaa wa mti wa senetwet. Micah aliitazama ile boriti kwa macho ya mapenzi.

"Gogo, hapa ndipo paipu yangu ingekaa vizuri. Nipe huu mti."

"Huo ni mti wa vibuyu."

"Nitakujengea mwingine."

"Nimesema ni mti wa vibuyu. Kwani ukutani kumejaa?"

Micah akapitisha paipu nyeupe kwenye ukuta wa udongo, juu juu, ameishika kwa klipu na vigingi, akashusha mpaka kwenye soketi mpya kando ya meza. Aligonga ukuta kwa kidole, ukadondosha vumbi. Jebet aliona kwamba hakuufurahia.

Habari za mlimani hazingoji muhuri. Kufikia siku ya soko, kila mtu alikuwa amesikia kwamba stima imefika jikoni kwa Gogo, na kina mama wakaanza kuleta mayai. Wa kwanza aliyafunga kwenye kitambaa, wa pili kwenye sufuria yenye majani makavu. Mama Jepchumba alileta ya kuku wake wa shingo tupu, akayahesabia mkononi mwa Jebet moja moja, akitaja sifa za mama yao.

"Haya si ya kuchezea. Huyu kuku alimpiga mwewe."

Jebet alitaka kusema, bado, hatujakaguliwa. Akainua bega. Mayai yakajaa kwenye vikapu chini ya kitanda cha Gogo, ncha zikiwa chini kama alivyofundishwa, mahali pa baridi. Hapo yangeweza kungoja siku chache. Yakikaa zaidi, uhai ungeanza kuyatoka moja moja, na awamu yake ya mwisho ingeisha kabla ya kuanza.

Bethwel aliyaona mayai yale, mikono ikaanza kumwasha. Kesho yake asubuhi Jebet alimkuta ukutani mwa nyumba kubwa, mbele ya kisanduku kipya cha stima alichofunga Micah, kidole kimeshafika kwenye swichi ya laini ya jikoni.

"Anko, bado."

"Dakika moja tu tuone kama inawaka."

"Anko." Aliingia kati yake na kisanduku, akasimama hapo, mgongo umegusa ukuta. "Mkaguzi anakuja kesho. Ikikataliwa, tukaharibu mayai ya watu wote, nitasema nini?"

Bethwel alishusha mkono. "Haya. Lakini mwaka huu umekuwa mkali, wewe," alisema, na alipokuwa akiondoka Jebet alimsikia akicheka peke yake.

Siku ya mkaguzi, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya chai. Jebet aliamka, akakamua, akafagia uwanja, akarudi jikoni, na hapo mlangoni akasimama.

Gogo alikuwa akiimba. Mgeni wa heshima akija, Gogo hakuruhusu vibuyu vikae na masizi. Alikuwa ameviosha vyote, amevipaka mafuta kidogo, amevivalisha mikanda yake ya shanga. Na kwa kuwa boriti ilikuwa nyeusi na alitaka mgeni avione vizuri, alikuwa amevitundika vyote kwenye ile paipu mpya, nyeupe, iliyonyooka, safu moja kutoka mlangoni mpaka kwenye soketi. Vingine vilikuwa vimejaa maziwa.

"Unaona?" alisema Gogo. "Kumbe huyo kijana alijua kazi. Ameniwekea mti mweupe."

Jebet aliitazama paipu. Ilikuwa imeanza kupinda katikati, kama mgongo wa punda mzee. Alijua haitapita. Lakini Gogo alikuwa na furaha ya msichana, na wimbo ulikuwa haujafika mwisho. Akajiambia atasubiri wimbo uishe. Wimbo ulipoisha, pikipiki ilikuwa imeshaingia uwanjani.

Mkaguzi alikuwa mwanamke, mnene, mchangamfu, ndani ya gambuti za manjano. Jina lake Eucabeth, na lafudhi yake ilikuwa ya mbali, ya kule ziwani. Kikundi cha kina mama kilikuwa tayari kimekaa kwenye majani, kwa sababu hakuna kitu kinachofichika pale mlimani.

"Chamgei!" kina mama walimsalimia kwa pamoja.

"Chamgei!" alijibu, akiitamka kwa namna iliyowafanya wapige makofi. "Hilo ndilo neno langu moja la huku. Mkiniongezea, niongezeeni polepole."

Aliufuata mtaro hatua kwa hatua, akachutama, akapima kina kwa fimbo yake. "Hapa pazuri. Fukieni nikishaondoka." Aliuangalia waya wa kijani ulioshuka ardhini, akafungua kisanduku, akamuuliza Micah hili na lile. Kila jibu lilipotoka, Jebet alipumua kidogo. Kisha Eucabeth akainama, akaingia jikoni, akainua macho.

Aliifuata safu ya vibuyu kwa macho, kutoka mlangoni mpaka kwenye soketi.

"Fundi," alisema hatimaye, "mimi nimekagua miaka mingi. Nimekuta kuku amelala juu ya meta. Nimekuta mtu ameanika soksi kwenye waya. Lakini stima iliyovaa shanga, hii ndiyo ya kwanza."

Micah alifunika uso kwa mkono. Na kama vile paipu ilikuwa ikingoja kutajwa, klipu ya katikati ikatoka ukutani, donge la udongo likaanguka, safu nzima ikashuka, na vibuyu vikabaki vikibembea usawa wa pua ya mkaguzi. Gogo na Jebet waliruka pamoja, wakavidaka.

"Leo siandiki," Eucabeth alisema, bila ukali. "Hata bila vibuyu, huu ukuta hauwezi kushika. Ni udongo. Mvua moja, paipu itakuwa sakafuni na waya ndani yake. Itengenezeni."

"Utarudi lini?" Bethwel aliuliza.

"Huku juu? Mwezi ujao."

Huko nje, kina mama walisikia, na mnong'ono ukapita kwenye majani. Mama Jepchumba hakunong'ona. "Mwezi ujao mayai yangu yatakuwa mawe!"

Jebet alikuwa amekumbatia kibuyu, maziwa yamemmwagikia mkononi. Aliona aibu mpaka kwenye nywele. Angesema neno moja tu asubuhi, yote haya yasingetokea. Na sasa, kama kawaida, maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Safari hii akafungua.

"Madam, sasa hivi unaenda wapi?"

Eucabeth aligeuka, akamtafuta mwenye sauti. "Zahanati ya kule juu. Nina kazi pale mpaka mchana."

"Na kurudi, unapita hapa?"

"Barabara ni hiyo moja."

"Ukirudi, ukikuta imekaa vizuri, utaangalia?"

Mkaguzi alimpima kwa macho, kisha akaipima boriti ya mwerezi pale juu, kisha akamtazama tena. "Nikirudi, nitaangalia. Nikikuta hata kibuyu kimoja, napitiliza."

Pikipiki ikaondoka. Micah naye alikuwa akiitazama boriti, lakini hakuthubutu kusema. Wote walijua paipu ingekaa wapi, na wote walijua jibu la Gogo. Gogo alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, vibuyu vimemzunguka, hataki kumtazama mtu.

Jebet alienda akachutama mbele yake.

"Gogo, huu mti ni wa nani?"

"Unajua."

"Niambie tena."

Gogo alivuta pumzi. "Babu yako aliubeba begani kutoka msituni, siku mbili kabla sijaletwa hapa. Nilipomzaa baba yako nikatundika kibuyu chake. Nilipomzaa Bethwel, chake. Kile kidogo ni chako." Alikishika, kibuyu cha shingo nyembamba, cha shanga za samawati. "Mtoto wangu yeyote, kibuyu chake kilikaa hapo. Nitaviweka wapi? Chini, vipigwe na paka?"

"Gogo, mimi nina watoto pia. Wako chini ya kitanda chako, kwenye vikapu." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Hawana manyoya bado. Wakikosa joto hawatatoka, na mashine itaenda, na mimi sitapewa tena kitu cha kutunza. Huu mti umenibebea kibuyu changu tangu nizaliwe. Naomba unibebee na hawa."

Nje, hata Mama Jepchumba alisogea mlangoni asikie.

Gogo alimtazama. Halafu mikunjo ya uso wake ikaanza kusogea, na Jebet alidhani anataka kulia, kumbe alikuwa anacheka.

"Umekula kwangu miaka yote hii," alisema, "na hujawahi kuniomba hata chumvi. Ukiishiwa unaenda kununua kimya kimya. Nikawa najiuliza, huyu mtoto ataniomba kitu lini, ama atangoja nife?" Alimgonga paji la uso kwa kidole. "Huyu fundi aliomba kama mtu anayeuliza bei ya mbuzi. Wewe umeomba. Chukueni."

Lo, jiko likageuka soko! Micah alipanda meza kabla neno halijapoa. Kina mama waliingia na visu, wakakwangua masizi kwenye boriti, na masizi yakawaangukia usoni mpaka hawakutambuana. Bethwel, ambaye mikono yake ilikuwa imepata ruhusa hatimaye, alichukua mbao za msaipresi alizokuwa ameweka kwa ajili ya zizi, akajenga fremu ya vibuyu ukuta wa pili, chini kabisa ya dirisha, yenye mguu wake yenyewe uliosimama ardhini. Kipruto alishika ngazi. Mama Jepchumba alitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Gogo alikaa kwenye kigoda akifanya ukaguzi wake mwenyewe.

"Bethwel, hiyo fremu imeinama kama wewe ulivyokuwa ukienda shule."

"Mama, imenyooka!"

"Imenyooka upande gani?"

Eucabeth aliporudi mchana, alikuta kina mama weusi kama wachoma makaa, wamepanga mstari mlangoni. Aliingia. Aliivuta paipu kwenye boriti kwa mkono wake, kwa nguvu, mara ya kwanza, na ya pili. Haikutikisika. Alichomeka kipimo chake kwenye soketi mpya, akamwagiza Micah awashe kule kwenye kisanduku, akatazama, akaguna. Aligeukia fremu ya Bethwel, akaitikisa nayo.

"Hii haiko kwenye kibali," alisema, "lakini naipitisha."

Akatoa karatasi, akaandika, akagonga muhuri juu ya meza ya jikoni, na vigelegele vilivyopigwa viliwafanya ng'ombe wote wa boma wainue vichwa.

Gogo alikuwa amengoja hapo. Alitikisa kibuyu, akamimina maziwa kwenye kikombe kikubwa, mazito, ya kijivu, yenye chembe nyeusi. Eucabeth alichungulia ndani.

"Mathe, haya yameingia masizi ya leo?"

"Masizi ni hayo usoni kwao," Gogo alijibu. "Hayo ni mkaa. Kunywa."

"Kabla ya kuandika nisingegusa," mkaguzi alisema, "lakini sasa nimeshaandika." Alionja. Akanywa hadi chini, akajifuta mdomo, akanyoosha kikombe mbele yake, wala hakukiachia. Gogo akamwongeza.

Jioni hiyo mayai yaliingia kwenye Kuku wa Chuma, na taa yake ndogo nyekundu ikawaka kwenye jiko la Gogo. Jebet aliyageuza, akayawekea maji, akalala upande wa pili wa ukuta, akasikia mtetemo wake mdogo kama paka aliyeshiba.

Wiki tatu baadaye, jiko lilijaa tena. Yai la kwanza kutoboka lilikuwa la yule kuku aliyempiga mwewe, na Mama Jepchumba alilitangaza hilo kana kwamba amelitaga mwenyewe. Kisha likatoboka jingine, na jingine, mpaka mlio wa vifaranga ukawa kama mvua kwenye bati. Yapo machache yaliyobaki kimya, lakini waliotoka walijaza kapu baada ya kapu. Mama Jepkorir alimshika Jebet bega, lile bega la kukubalia, akalikalisha chini.

"Leo useme mwenyewe. Mashine ikae kwa nani?"

Jebet alifungua mdomo ajibu. Lakini macho yake yalikuwa mlangoni, ambako Kipruto alikuwa ameingia kinyemela, simu mkono mmoja, chaja mkono wa pili, ananyoosha mkono kuelekea kwenye plagi ya Kuku wa Chuma.

"WEWE KIPRUTO! TOA MKONO HAPO!"

Chaja ilianguka. Vifaranga wote walinyamaza. Kule malishoni, ng'ombe wa Jebet aliinua kichwa, na bila kuuliza kama ni yeye aliyeitwa, akaanza kurudi nyumbani.

"Ni kidogo tu," Kipruto alisema kwa sauti nyembamba.

Gogo alikuwa amejipinda kwenye kigoda kwa kicheko. Mama Jepchumba naye alijifuta machozi kwa ncha ya leso, akainua mkono hewani kabla mwenyekiti hajauliza tena.

"Mashine ikae hapo hapo," alisema. "Mimi mwenyewe naogopa kuigusa."